SOMO LA MWEZI: TUUTAFUTE UPANDE GANI?

Bismillahir Rahmanir Rahiim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi, ifikapo tarehe 29 Shaaban watu hutoka kuutafuta mwezi. Wapo watoto ambao siku moja au mbili kabla huja mbio madrasa wakisema wameuona Alfajiri, mwembamba kabisa, upande wa mashariki. Hawasemi uongo. Wameuona mwezi unaokwisha, siyo unaoandama. Lakini anayetoa ushahidi wa mwezi hubeba saumu ya watu wengi, kwa hiyo ni lazima ajue anachokiona.

Katika Surat Yunus, aya ya 5, Allah (S.W.) anatueleza kuwa ameupangia mwezi vituo ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Mwezi hauna nuru yake mwenyewe. Nusu yake humulikwa na jua wakati wote, nasi huona sehemu tu ya nusu hiyo, kubwa au ndogo, kwa kadiri unavyoizunguka dunia. Wengi hudhani ni kivuli cha dunia kinachoukata. Sivyo. Kivuli hicho huufikia wakati wa kupatwa tu, nako hutokea mwezi ukiwa mpevu, na hapo ndipo tunaposwali Swalatul Khusuf. Jaribuni nyumbani: zimeni taa, washeni chemli, shikeni chungwa mbele yenu juu kidogo ya kichwa, kisha mgeuke polepole mpaka mzunguke. Mtaziona sura zote za mwezi juu ya chungwa.

Sasa tuje kwenye pande. Sisi wa pwani, tangu Mombasa na Tanga hadi Unguja na Dar es Salaam, kibla chetu ni karibu kaskazini kamili. Basi ukisimama kama unayeswali, magharibi iko kushotoni kwako na mashariki kuliani. Mwezi mwandamo huonekana baada ya Maghrib, kushoto, chini karibu na jua lilipozama, na haukai muda mrefu. Kufikia tarehe 7 hivi, saa hiyo hiyo, uko juu ya utosi. Tarehe 14 unachomoza kulia. Baada ya hapo huchelewa kutoka kwa wastani wa dakika 50 kila siku, hata tarehe 22 hivi hutoka karibu na saa 6 usiku, na tarehe 27 huonekana kulia wakati wa Alfajiri. Huo ndio wanaouona watoto wetu.

Na msiutafute umbo la kwenye kadi za Idd! Huku kwetu karibu na ikweta mwezi mchanga mara nyingi hulala kama dau, ncha zote mbili juu.

Kuna na ugomvi wa barazani: "Mwezi mkubwa hivi, ni wa jana, tumekula siku!" Katika Sahih Muslim imepokewa kuwa watu waliuona mwezi, wengine wakasema ni wa siku tatu, wengine wa siku mbili. Ibn Abbas (R.A.) akawajibu kuwa ni wa usiku ule waliouona. Hesabu nayo inaonyesha kwa nini. Tuseme mwezi umezaliwa saa 8 mchana. Maghrib ya siku hiyo una saa 4 na nusu tu, hakuna jicho linaloweza kuuona. Maghrib ya kesho una saa 28 na nusu, umeshanenepa, nao ndio mwandamo.

Mzunguko mzima ni siku 29, saa 12 na dakika 44 kwa wastani. Ndiyo maana mwezi wetu huwa na siku 29 au 30, na mwaka siku 354 au 355, na Ramadhani hutangulia kama siku 11 kila mwaka. (Wenye babu wavuvi wawaulize kwa nini bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwa nini wa dagaa hawatoki na taa zao usiku wa mbalamwezi.)

ZOEZI: Kuanzia mwandamo ujao, kila baada ya Maghrib simameni uani mkielekea kibla. Andikeni daftarini tarehe, upande ulipo mwezi, na mchore umbo lake. Siku za mawingu andikeni "mawingu", msikisie. Wazazi tunawaomba wasimame pamoja nao, hasa tarehe 29.

Wabillahi Tawfiq.