Uso wa Mwenzi Haupimwi kwa Rula

Siku hizi kwenye intaneti vijana, na hata watu wazima, hupimana nyuso. Urefu wa uso hugawanywa kwa upana wake. Jibu lisipokaribia 1.618, mtu huambiwa ana kasoro. Hutazama pia kama pembe ya nje ya jicho imeinuka au imeshuka. Picha za wasiofikia kipimo hugeuzwa vichekesho na kusambazwa.

Namba hiyo si mpya. Mtawa Mfransisko, Luca Pacioli, aliuita uwiano huo wa kimungu katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1509. Yeye alifundisha hesabu, hakuwacheka watu. Tena kamera hudanganya: picha iliyopigwa sentimita 30 kutoka usoni huipanua pua kwa karibu asilimia 30 kuliko ya mita moja na nusu.

Hatari ni mzaha huo unapoingia nyumbani. Mume akisema, "Hata wewe macho yako yameshuka," yeye atasahau kesho. Mkewe atakumbuka kila atazamapo kioo. Mke akicheka kidevu cha mumewe, amemjeruhi vile vile. Watoto nao wanasikia, na ndio waliorithi nyuso hizo.

Samweli alipotumwa kwa Yese, Mungu alimkataza kuchagua kwa sura na kimo (1 Sam 16:7). Nanyi siku ya arusi mliahidiana upendo na heshima bila kupimana.

Jioni hii mwulizane: Ni neno gani langu kuhusu sura yako lililokuumiza? Ombaneni radhi. Kisha kila mmoja amwambie mwenzake anachokipenda usoni pake, watoto wakisikia.