NYUMBA ZA KALE ZA OAK PARK

Wasomaji wengi wamesikia habari za Chicago, mji mkubwa wa Marekani. Magharibi yake, mwendo wa maili 10 hivi, pana mahali paitwapo Oak Park. Kwa sheria za huko ni kijiji, lakini msomaji asidhani ni vijumba vichache shambani: wakaao humo wapita 50,000. Moto mkubwa ulipoteketeza Chicago mwaka 1871, watu wengi walihamia huko, wakawa wakienda mjini kazini kwa gari la moshi na kurudi jioni.

Nyumba nyingi walizojenga zilikuwa za mbao, zimekwenda juu, zenye mapaa yaliyochongoka, vinara pembeni, baraza pana na mapambo mengi mno. Mtindo huo huitwa kwa jina la Malkia Anne, ingawa malkia huyo wa Uingereza alikufa mwaka 1714, wala hakupata kuona nyumba ya namna hiyo.

Mwaka 1889 kijana wa miaka 22, Frank Lloyd Wright, mchoraji wa ramani za majumba, alikopa dola 5,000 kwa bwana wake wa kazi, Louis Sullivan, akajijengea nyumba kijijini. Kwa mbele ni kama pembetatu kubwa iliyovikwa vigae vya mbao. Wright alipenda vitu vizuri kuliko mshahara wake ulivyoruhusu, basi akachora nyumba za watu kwa siri, kinyume cha mapatano. Mwaka 1893 akaachana na Sullivan. Baadhi ya nyumba hizo za siri zingali zimesimama.

Mwaka 1898 aliongeza chumba cha kazi kando ya nyumba yake. Mti uliokuwa kati hakuukata, bali alijenga ujia kuuzunguka. Humo ndimo ulimochorwa mtindo wa mbuga, ulioitwa hivyo kwa kuwa nchi ya huko ni tambarare. Itazame nyumba ya Arthur Heurtley ya mwaka 1902: paa limelala chini, upenu umetokeza mbali, madirisha yamepangwa mfululizo, na matofali ya rangi mbili yamefanya mistari ya kulala ukutani. Jicho halipandi juu. Huenda upande kwa upande, kama mtu atazamaye mbuga.

Wright alihama mwaka 1909. Mwaka 1911 alikigeuza chumba cha kazi kuwa makao, ili sehemu ya nyumba ipangishwe. Baadaye nyumba ilikatwakatwa vyumba vya kupangisha, ikachakaa. Mwaka 1974 kikaundwa chama cha kuitunza, na mwaka 1976 serikali ya Marekani ikaitangaza kuwa jengo la kumbukumbu la taifa.

Neno gumu lilikuwa hili: irudishwe katika hali ya mwaka gani? Walichagua 1909. Kwa hiyo iliwapasa kuondoa hata mabadiliko ya 1911, yaliyochorwa na Wright mwenyewe. Wengine watasema huko ni kuharibu kazi ya fundi ili kumsifu fundi. Mimi naona walifanya sawa, maana mabadiliko hayo ndiyo yaliyokifuta chumba cha kazi, na pasipo chumba hicho mgeni asingeona mtindo ulianzia wapi. Kazi ilikwisha mwaka 1987. Nyumba nyingi za jirani ni makao ya watu, na mgeni huzitazama kutoka njiani.