Pua, Ulimi na Pipa: Wiski ya Mahindi na Mipaka ya Kuonja

Mwezi wa Juni, mahindi mapya yanapoanikwa katika nyua za Msamala, mjini Songea, sehemu kubwa huenda mashineni kusagwa, sehemu huuzwa, na sehemu ndogo huishia katika vyombo vya komoni. Ni wachache watakaofikiri kwamba nafaka hiyo hiyo, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, hugeuzwa kuwa kinywaji ambacho chupa yake moja, ikiwa imekaa pipani miaka 20 au zaidi, hugombaniwa na wenye fedha kama kito. Kinywaji hicho huitwa bourbon. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba chupa karibu 200 za Pappy Van Winkle ya miaka 20 zilikuwa zimeibwa katika kiwanda cha Buffalo Trace, mjini Frankfort, na habari hiyo ikaandikwa magazetini kama habari ya wizi wa benki.

Somo hili halikusudii kumwonjesha mwanafunzi kileo, ambacho kwa sheria zetu hauziwi mtu aliye chini ya miaka 18. Linakusudia kuuliza swali la kisayansi: mtu anapoonja, anapima nini hasa? Swali hili si la matajiri wa Kentucky peke yao. Mnunuzi wa gongo naye huonja kabla ya kulipa, na akikosea huweza kupoteza macho au uhai.

Tuanze na mahindi. Wanga ulio ndani ya punje hauwezi kuchachuka mpaka ugeuzwe kuwa sukari. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya vilivyomo katika kimea. Wapishi wa komoni hutumia kimea cha ulezi, na watu wa Kentucky hutumia kimea cha shayiri, lakini kemia ni moja. Baada ya hapo hamira huila sukari na kutoa ethanoli na hewa ya kaboni dioksidi. Mchanganyiko huo ukichemshwa, mvuke wake huwa na sehemu kubwa zaidi ya ethanoli kuliko mchanganyiko wenyewe, kwa sababu ethanoli huchemka katika nyuzi 78 za Selsiasi na maji katika nyuzi 100. (Hivyo ndivyo vipimo vya usawa wa bahari. Songea iko juu zaidi ya mita 1,000, kwa hiyo maji yetu huchemka katika nyuzi 96 hivi. Mwalimu mwenye kipimajoto na aonyeshe jambo hili darasani.) Mvuke ukipozwa hurudi kuwa majimaji. Huko ndiko kukeneka.

Kilichokenekwa huwa cheupe kama maji na huchoma koo. Basi rangi ya kahawia na ladha tamu ya bourbon hutoka wapi? Jibu ni pipa. Sheria ya Marekani inataka mahindi yasipungue asilimia 51 ya nafaka zote, na kinywaji kitiwe katika vyombo vipya vya mti wa mwaloni vilivyobabuliwa kwa moto ndani hadi kufanya mkaa. Hairuhusiwi kutia rangi wala kitu kingine chochote isipokuwa maji. Moto huo ndio mpishi mkuu. Huivunja lignini ya mti, ikatoa vanilini, ambayo ni kemikali ile ile inayonukia katika tunda la vanila. Huigeuza hemiselulosi kuwa sukari zilizoungua kidogo, zenye harufu kama ya sukari guru. Mwaloni wenyewe una vitu viitwavyo laktoni vinavyonukia kama nazi, na pia tanini, zile zinazokausha kinywa mtu anywapo chai ya rangi iliyokolea. Mchana wa joto kinywaji hutanuka na kupenya katika mbao, na wakati wa baridi hurudi nyuma kikiwa kimebeba vitu hivyo.

Wala si kila mti ufaao. Mishipa ya mwaloni mweupe huzibwa na vijifuko viotavyo ndani yake, kwa hiyo pipa halivuji. Bali mwaloni mwekundu una mishipa iliyo wazi kiasi kwamba mtu aweza kupuliza hewa ndani ya kipande chake na kutoa mapovu upande wa pili.

Hata hivyo pipa lisilovuja hupumua. Tuseme pipa la lita 200 linapoteza asilimia 4 ya kilichomo kila mwaka. Wanafunzi wa Kidato cha Nne watatambua kwamba baada ya miaka 23 kinachobaki ni 200 × 0.96 kwa kipeo cha 23, yaani lita 78 hivi. Pipa ambalo lingejaza chupa 266 za mililita 750 sasa hujaza 104 tu. Hii ni sababu moja ya uadimu wake, na sababu nyingine ni sifa, ambayo haipimwi kwa lita. Lakini kukaa zaidi si kuwa bora zaidi daima. Tanini huendelea kuingia, na kinywaji kilichokaa kupita kiasi huwa kichungu kama gome. Bei hupanda hata hapo.

Sasa tuje kwenye kuonja. Ulimi hutambua mambo machache: utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ile ladha ya supu ya nyama. Vanila, nazi na moshi si kazi ya ulimi bali ya pua, kwa kuwa mvuke wa chakula hupanda kutoka nyuma ya kinywa hadi kwenye utando wa harufu. Mwanafunzi abane pua, kisha aweke ulimini sukari iliyochanganywa na unga wa mdalasini. Ataonja sukari tu. Akiachia pua, mdalasini hujitokeza ghafla. Ule mwako wa pombe nao si ladha. Ethanoli huamsha vipokezi vya neva vinavyohisi joto, ndivyo vile vile vinavyoamshwa na pilipili. Ndiyo sababu waonjaji stadi hunusa kwanza mdomo ukiwa wazi kidogo, na huongeza matone ya maji. Hesabu za kompyuta zilizofanywa na watafiti wa Sweden na kuchapishwa mwaka 2017 zilionyesha kwamba kileo kikizimuliwa, molekuli za guayakoli, zenye harufu ya moshi, huelekea kukaa juu ya uso wa kinywaji, ambako pua huzipata kwa urahisi.

Chombo hiki cha ajabu kina upofu wake. Methanoli, nduguye ethanoli, hunukia na kuonjeka karibu sawa nayo. Ini huigeuza kuwa fomaldehidi, kisha kuwa asidi ya fomiki, ambayo huharibu neva za macho. Mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, huweza kumpofusha mtu. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli, na walioinywa walikuwa wazoefu wa kuonja. Mahindi yanapochachuka huzaa methanoli kidogo mno, kwa kuwa asili yake kubwa ni pektini ya matunda. Maafa mengi hutokea pale mtu anapoongeza methanoli ya viwandani ili kileo kiwe kikali. Wapo wasemao kwamba moto wa buluu ni ushahidi wa usalama. Si kweli, maana zote mbili huwaka kwa buluu. Rangi ya kahawia nayo si ushahidi, kwani sukari iliyounguzwa huipatia gongo ya jana sura ya mzee wa miaka 20. Kipimo cha kuaminika hufanywa maabara, kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na mtu aliyekunywa kisha akaona ukungu machoni apelekwe hospitali mara moja, hata kama saa nyingi zimepita.

Je, mwonjaji anayedai kutambua tofauti apimweje? Mwaka 1935 mtaalamu wa takwimu Ronald Fisher alieleza katika kitabu chake jaribio la bibi aliyedai kujua kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai. Alipewa vikombe 8, vinne vya kila namna, bila kuambiwa kipi ni kipi. Njia za kuchagua 4 kati ya 8 ni 70, kwa hiyo abahatishaye hupatia vyote mara 1 katika 70.

Darasa laweza kufanya jaribio jepesi zaidi. Pikeni chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja, na nyingine ambayo maziwa ya moto yamemiminwa baadaye. Zote ziwe na joto moja na sukari sawa. Mwonjaji afungwe kitambaa machoni, apewe vikombe vitatu, viwili sawa na kimoja tofauti, akitaje kilicho tofauti. Rudieni mara 10, mkibadili mpangilio kwa kurusha dadu. Abahatishaye hutegemewa kupatia mara 3 hivi. Kupatia mara 7 au zaidi kwa bahati tu hutokea karibu mara 2 katika 100. Kokotoeni wenyewe namba hiyo ya mwisho kabla ya kuinjika sufuria.