KUFUNGUA SKRUBU ILIYOLIKA KICHWA NA KUNYOSHA CHUMA CHA PIKIPIKI

Hewa ya bahari huwapendeza wageni wajao Mombasa, lakini kwa chuma ni adui. Wakati wa Kusi upepo huleta chumvi mpaka ndani ya vichochoro vya Mji wa Kale, nayo hutua juu ya kila kitu kilicholala nje usiku. Tena njia za huko ni nyembamba, zina baraza za mawe pande zote mbili, mikokoteni na watoto wanaocheza. Pikipiki ikianguka kidogo tu hugonga ukuta au baraza, na mkono wa breki au kikanyagio hupinda. Kwa hiyo mwenye pikipiki kisiwani ana taabu mbili ambazo mwenziwe wa bara hazijui sana: skrubu zisizofunguka, na vyuma vilivyopinda.

Mwenye kuchukua abiria, pikipiki yake ikisimama siku moja, hukosa chumo la siku ile. Ndiyo sababu hufanya haraka, na haraka ndiyo inayoharibu skrubu.

Yafaa kujua kwanza kwa nini skrubu imeshika. Vifuniko vya injini huwa vya alumini, na skrubu zake ni za chuma. Metali mbili za namna mbalimbali zikigusana penye maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yao na alumini huanza kuliwa. Ule unga mweupe uonekanao kando ya skrubu ndio mabaki yake. Unga huo hujaza nafasi iliyo kati ya meno ya skrubu na meno ya kifuniko, ukashika kama saruji. Mtu akiizungusha kwa nguvu, kichwa hulika kabla ya unga kuachia.

Kosa la pili ni bisibisi isiyofaa. Msalaba ulio juu ya skrubu si wa namna moja. Msalaba uitwao Phillips ni wa jina la Henry F. Phillips wa Marekani, aliyepewa hataza zake mwaka 1936. Lakini pikipiki nyingi za Kijapani zilitengenezwa kwa msalaba wa kipimo cha Kijapani, na mara nyingi skrubu hizo zina nukta moja ndogo kichwani. Macho hayaoni tofauti, ila ncha ya Phillips haifiki chini ya tundu lake. Huelea, kisha huruka na kukata kingo. Asiye na bisibisi ya Kijapani aweza kuipunguza ncha ya Phillips kwa tupa, kama nusu milimita, mpaka ikae sawasawa. Atazame na ukubwa pia: skrubu nene ya milimita 6 yataka bisibisi namba 3, na wengi hutumia namba 2 kwa kuwa ndiyo iliyopo mfukoni.

Basi, ukikuta skrubu iliyoanza kulika, weka bisibisi chini. Safisha tundu kwa msumari, tia mafuta ya kupenya, au dizeli ukikosa, uiache mpaka kesho. Asubuhi mimina maji yaliyochemka juu ya kifuniko. Alumini hutanuka kwa joto kadiri ya mara mbili ya chuma, hivyo tundu hupanuka kuliko skrubu iliyomo. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko unene wa unywele, lakini hutosha kuvunja ule unga. Wako wapendao kutumia moto wa gesi. Hatuwashauri, maana tangi la petroli liko juu tu ya injini, na mafuta uliyotia jana nayo huwaka.

Kisha simamisha bisibisi wima, uigonge kichwani kwa nyundo mara tatu nne. Kaza kidogo kwanza, ndipo ufungue kinyume cha mwendo wa saa. Iko bisibisi iliyotengenezwa kwa kugongwa, ambayo kila pigo huisukuma chini na kuizungusha wakati mmoja. Mafundi wakichangiana kununua moja, itawarudishia fedha yao upesi.

Kichwa kikiwa kimekwisha kabisa, weka tindo ndogo ukingoni mwa kichwa, uilaze upande wa kufungulia, ugonge polepole. Au kata mfereji kwa msumeno wa chuma, utumie bisibisi bapa. Ikishindikana, toboa kichwa katikati kwa ncha ya kekee iliyo nene kidogo kuliko shina la skrubu. Kichwa kitaanguka. Ondoa kifuniko, nawe utakuta shina limesimama wazi, na mara nyingi hufunguka kwa koleo bila taabu, maana kilichokuwa kikilikaza ni kichwa.

Wakati wa kurudisha, paka grisi katika meno ya skrubu mpya. Mafundi wa majahazi wa pwani hii walijua jambo hilo zamani: huzungushia msumari pamba iliyolowa mafuta kabla ya kuupigilia, ili maji ya bahari yasiufikie. Wala usikaze kwa nguvu zako zote, kwa kuwa meno ya alumini ni laini.

Sasa tuje kwenye vyuma vilivyopinda. Hapa swali la kwanza si namna ya kunyosha, bali kama chuma hicho chastahili kunyoshwa.

Madigadi ya bati hunyoshwa bila hofu. Weka gunia la mchanga upande mmoja, ugonge kwa nyundo ya mbao upande wa pili, ukianza pembezoni mwa bonde na kuelekea katikati. Aanzaye katikati hulivuta bati likatanuka, na halirudi tena kama lilivyokuwa. Kikanyagio na mkono wa gia, vikiwa vya chuma kitupu, vyaweza kufunguliwa, kutiwa moto mpaka viwe vyekundu, kunyoshwa katika jiriwa na kuachwa vipoe vyenyewe. Usivizimishe kwa maji, visije vikawa vigumu na kukatika.

Mkono wa breki wa alumini ni habari nyingine. Ukipinda kidogo, watu huujaribu kwa sabuni: hupaka sabuni ya kufulia, hupasha moto polepole mpaka sabuni igeuke rangi ya kahawia, kisha huunyosha kabla haujapoa. Hila hiyo ni ya kweli kwa bati la alumini. Mkono wa breki lakini ni alumini ya kumiminwa katika kalibu, nayo hupasuka ndani pasipo kuonekana. Bei ya mpya ni ndogo. Nunua.

Hali kadhalika usukani, na yale mabomba mawili yashikayo gurudumu la mbele. Bomba lililopinda kidogo laweza kunyoshwa na fundi mwenye mashine ya kukandamiza, kisha akalibingirisha juu ya kioo bapa kuona kama limenyoka. Lenye mkunjo halifai tena kwa lolote. Mwandishi wa habari hii aliwahi kununua pikipiki ambayo usukani wake ulikuwa umenyoshwa na kupakwa rangi hata mkunjo haukujulikana. Mwezi wa tatu ulivunjika mkononi, penye mkunjo ule ule, akiwa katika kichochoro kwa mwendo wa mtu aendaye kwa miguu. Aliumia goti tu. Lau ungalivunjika juu ya Daraja la Nyali, na abiria nyuma, pengine mwingine ndiye angaliandika habari hii.

Kazi ikiisha, sukuma pikipiki kwa mkono ukishika breki ya mbele mara kumi kwa nguvu. Geuza usukani kulia na kushoto mpaka mwisho, utazame kama nyaya hazivutiki. Kisha iendeshe peke yako mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, ndipo umwite abiria.