Kuomba Ruzuku Ndogo za Utafiti wa Lugha katika Vyuo vya Shahada ya Kwanza: Mfano wa Voi na Taita Taveta

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna mhadhiri au mwanafunzi wa Kiswahili aliye katika chuo kinachofundisha zaidi shahada ya kwanza anavyoweza kuandika ombi la ruzuku ndogo ya utafiti likakubalika. Hoja yetu kuu ni kwamba ombi la aina hii hufaulu pale swali la utafiti linapokatwa hadi likalingana na fedha zilizopo, na pale ukaribu wa mtafiti na jamii unapoandikwa kama sehemu ya mbinu za utafiti. Mifano yote imetolewa katika eneo la Voi na Kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya.

1.0 Utangulizi

Kaunti ya Taita Taveta ilikuwa na watu 340,671 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019. Idadi hiyo si kubwa, lakini hali ya lugha ya eneo hili ni pana. Katika milima inayozunguka Wundanyi na Mwatate husemwa Kidawida chenye lahaja kadhaa. Mlima Sagalla, ulio kusini mwa mji wa Voi, ndio makao ya Kisaghala. Kasigau ina usemi wake, na huko Taveta, mpakani mwa Tanzania, husemwa Kitaveta ambacho ni lugha nyingine. Juu ya lugha hizi zote kimetanda Kiswahili, kilichopata nguvu zaidi baada ya reli kufika Voi mwishoni mwa miaka ya 1890 na baada ya mashamba ya mkonge kuwakusanya wafanyakazi kutoka pande nyingi.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, eneo kama hili ni maktaba iliyo wazi. Hata hivyo, maktaba hiyo inafungwa kidogo kidogo. Mzee anayejua majina ya Kisaghala ya mitishamba, udongo na zana anapofariki, sehemu ya msamiati huo huenda naye ikiwa hakuna aliyeunakili. Kazi ya kuunakili haihitaji mamilioni ya shilingi. Inahitaji fedha kidogo, mpango mzuri na mtu aliye karibu. Swali ni hili: kwa nini walio karibu ndio wasioomba?

2.0 Hali ya Vyuo vya Shahada ya Kwanza

Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2016, baada ya kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Vyuo vingi vya Afrika Mashariki vilivyoanzishwa katika karne hii vina historia inayofanana na hiyo. Wanafunzi wao wengi ni wa shahada ya kwanza, na kwa sababu hiyo muda mwingi wa wahadhiri hutumika kufundisha na kusahihisha. Wanafunzi wa uzamivu wa kubeba mradi mkubwa ni wachache, na mara nyingi hakuna ofisi yenye uzoefu wa kusimamia fedha za wafadhili wa nje.

Kutokana na hali hii, waombaji wengi huangukia mojawapo ya makosa mawili. Wapo wanaokata tamaa wakiamini kuwa ruzuku ni za vyuo vikongwe. Wapo pia wanaoiga maombi ya vyuo hivyo vikongwe, wakaahidi kamusi kamili ya lugha kwa fedha ambazo hazitoshi hata sura moja. Mtathmini anaposoma ombi dogo hujiuliza maswali matatu: je, kazi hii inawezekana kwa fedha hizi, kwa mtu huyu, na katika muda huu? Ombi la kuiga hushindwa katika swali la kwanza.

3.0 Kulikata Swali

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwombaji anaanza na mada hii: "Athari za Kiswahili kwa lugha za Wataita." Mada hii ni kubwa mno, kwani haisemi ni lugha ipi, ni athari gani, wala ni kwa kina nani. Hatua ya kwanza ni kuchagua lugha moja, yaani Kisaghala. Hatua ya pili ni kuchagua uwanja mmoja wa msamiati, yaani mazao na zana za kilimo. Hatua ya tatu ni kuchagua mlinganisho mmoja, yaani vizazi vitatu. Swali sasa linasomeka hivi: "Kati ya majina 120 ya mazao na zana za kilimo, ni yapi ambayo wazee wa Sagalla huyataja kwa Kisaghala ilhali wajukuu wao huyataja kwa Kiswahili?"

Swali hili lina wasailiwa wanaohesabika, tuseme 24, wanane kwa kila kizazi. Lina data inayopimika. Muhimu zaidi, linaweza kukosewa: huenda ikabainika kwamba vijana wamehifadhi majina ya zana na kupoteza ya mazao, au kinyume chake. Swali ambalo jibu lake linajulikana kabla ya kwenda uwandani halistahili kulipiwa.

Msomaji asidhani kuwa orodha ya maneno ni kazi duni. Mwaka 1981, Christopher Ehret na Derek Nurse walichapisha makala kuhusu Wakushi wa Taita. Kwa kuchunguza maneno ya mkopo yaliyomo katika Kidawida na Kisaghala, walitoa hoja kwamba katika milima hiyo ziliwahi kusemwa lugha za Kikushi ambazo leo hazipo. Maneno ya kawaida, yaliyopangwa na kulinganishwa vyema, yalitoa ushahidi wa historia ambayo haikuwa imeandikwa popote. Ombi la ruzuku linapaswa kumwonyesha mtathmini daraja hilo kati ya data ndogo na suala kubwa, na sentensi mbili au tatu zinatosha.

Aidha, ombi lieleze kazi zilizotangulia. Mmisionari J. Alfred Wray, aliyeishi Sagalla, alichapisha utangulizi wa lugha ya Kitaita mwaka 1894, na Bill Bravman alichapisha mwaka 1998 historia ya jamii za Taita. Mwombaji anayezitaja kazi kama hizi, kisha akaonyesha pengo analolenga, humhakikishia mtathmini kwamba fedha hazitarudia lililokwisha kufanywa.

4.0 Ukaribu kama Mbinu

Waombaji wengi wa vyuo vidogo huandika kwamba wao "ni wenyeji wa eneo" na kuishia hapo. Kauli hiyo ni sifa tu. Ili iwe mbinu, lazima iseme ukaribu huo utaifanyia data kitu gani.

Kwanza, mtafiti aliye Voi anaweza kurudi. Mgeni wa wiki mbili hurekodi mara moja na kuondoka, lakini mtafiti wa karibu anaweza kumhoji msailiwa huyohuyo tena baada ya mwezi ili kuhakiki majina yenye utata. Pili, anaijua kalenda. Masika huanza takribani mwezi wa Machi na vuli mwezi wa Oktoba, na mazao yanapokomaa familia nyingi za Sagalla hukesha zikilinda mashamba dhidi ya ndovu wanaotoka Hifadhi ya Tsavo. Kupanga mahojiano marefu ya asubuhi katika majira hayo ni kuwasumbua watu waliochoka. Ratiba inayozingatia mambo haya humthibitishia mtathmini kwamba mwombaji anajua aendako.

Tatu, chuo kina wanafunzi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyelelewa na nyanya yake kwa Kisaghala ana ujuzi ambao profesa wa mbali hana. Ombi lisimwite mbeba vifaa. Lieleze mafunzo atakayopewa katika kurekodi na kunukuu, malipo yake, na namna jina lake litakavyotajwa katika matokeo. Wafadhili wa ruzuku ndogo huvutiwa na kipengele hiki, kwa kuwa mafunzo hubaki chuoni hata fedha zikiisha.

5.0 Bajeti

Bajeti ni hoja iliyoandikwa kwa tarakimu, na kila mstari wake sharti utokane na mbinu. Ufuatao ni mfano wa ruzuku ya shilingi 150,000 za Kenya. Viwango ni vya kielelezo, na mwombaji atafute bei halisi za wakati wake. Tunachukulia mahojiano mawili kwa siku, hivyo siku 12 za uwandani kwa mtafiti na wasaidizi wawili.

- Nauli: watu 3 × siku 12 × sh. 500 = 18,000
- Chakula: watu 3 × siku 12 × sh. 600 = 21,600
- Malipo ya wasaidizi: watu 2 × siku 12 × sh. 1,500 = 36,000
- Kinasa sauti na kadi ya kuhifadhia = 18,000
- Unukuzi: mahojiano 24 × sh. 1,000 = 24,000
- Shukrani kwa wasailiwa: watu 24 × sh. 500 = 12,000
- Kijitabu cha msamiati: nakala 60 × sh. 150 = 9,000
- Kikao cha kurejesha matokeo kwa jamii = 5,000
- Ada za maadili na kibali = 6,400
- Jumla = 150,000

Msomaji ataona kwamba mtafiti mkuu hakujiwekea mshahara. Wafadhili wengi wa ruzuku ndogo hawaulipi, wala hawalipi gharama za uendeshaji wa chuo. Ataona pia kwamba unukuzi umetengewa fedha. Mstari huu husahaulika mara nyingi, na matokeo yake ni rekodi zinazolala kabatini bila kusikilizwa.

6.0 Vibali na Maadili

Nchini Kenya, mtafiti huhitaji leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2013. Utafiti unaohusu watu hupitiwa kwanza na kamati ya maadili iliyoidhinishwa, ambayo huenda isipatikane katika kila chuo. Baada ya hapo mtafiti hujitambulisha kwa utawala wa kaunti na kwa chifu wa mahali. Kwa hiyo, ratiba isianze na siku ya kwanza ya mahojiano. Ianze na miezi ya kungojea idhini.

Sauti ya mtu ni data yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusika. Vilevile, majina na matumizi ya mitishamba yanaweza kugusa Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016. Ombi lieleze ridhaa itaombwa kwa lugha gani, rekodi zitahifadhiwa wapi, na nani ataruhusiwa kuzisikiliza.

7.0 Mahali pa Kuomba

Ngazi ya kwanza ni chuo chenyewe, kwa kuwa hata kiasi kidogo cha ndani humwonyesha mfadhili wa nje kwamba kuna aliyekwisha kuiamini kazi hii. Ngazi ya kitaifa ina Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, iliyoundwa pia na sheria ya mwaka 2013. Taasisi ya Uingereza katika Afrika Mashariki, yenye makao Nairobi, imekuwa ikitoa ruzuku ndogo za utafiti. Kwa lugha zilizo hatarini kuna Endangered Languages Documentation Programme, mpango ulioanza London mwaka 2002 na kuhamia Berlin, pamoja na Foundation for Endangered Languages ya Uingereza na Endangered Language Fund ya Marekani, zote mbili zilizoanzishwa mwaka 1996.

Mwombaji asome masharti kabla ya kuandika neno la kwanza. Mfadhili wa lugha zilizo hatarini hatalipia utafiti wa Kiswahili cha Voi peke yake, ila anaweza kuvutiwa na Kisaghala kinachopakana nacho. Mradi ni uleule, lakini kitovu cha ombi hubadilika.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba udogo wa chuo na wa fedha si kikwazo endapo swali, ratiba na bajeti vinakubaliana. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tunapendekeza kila idara ya Kiswahili iwe na kikao kimoja kwa mwaka ambapo wahadhiri na wanafunzi watasomeana maombi yao kabla ya kuyatuma, na kwamba maombi yaliyokataliwa yahifadhiwe pamoja na maoni ya watathmini ili wengine wajifunze. Mwanafunzi naye asingoje shahada ya uzamili. Aanze na maneno 120, na aanze wakati wanaoyajua wangalipo.