Vidonge vya Dada, Ndizi za Baba na Kopo la Chumvi

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Tanga. Natumia dawa ya presha, kidonge kimoja chenye losatani na haidroklorotiazidi pamoja. Usiku misuli ya mguu inanikaza mpaka nawaamsha wajukuu kwa kelele. Jirani yangu mwenye duka la dawa kasema nimepungukiwa potasiamu, kanipa Slow-K. Dada yangu aliyeko Muscat naye kaniletea chupa ya vidonge vya potasiamu vya miligramu 99, pamoja na kopo la chumvi ya wenye presha, ambayo nimeshaanza kuipikia. Baba watoto anasema huko ni kutupa pesa, ndizi mbili kwa siku zinatosha. Magoti nayatuliza kwa diklofenaki. Sukari ninayo kidogo. Je, ninywe vidonge vya nani, na dada alete chupa nyingine?"
Mama wa Tanga

Marahaba, ingawa huenda anayestahili kuamkiwa hapa ni mwandishi wa barua. Barua nyingi zinazofika mezani kwa Shangazi zinawahusu waume wasiorudi nyumbani. Hii ina mume anayerudi na kutoa ushauri wa lishe, tena ushauri ambao nusu yake ni sahihi.

Ndizi mbivu moja ya wastani ina takriban miligramu 420 za potasiamu. Kidonge cha Muscat chenye miligramu 99 hakifikii hata robo ya ndizi hiyo. Slow-K nayo inachanganya watu kwa maandishi yake: miligramu 600 zilizoandikwa ni za kloridi ya potasiamu nzima, na potasiamu yenyewe humo ni kama miligramu 315 tu. Kwa hesabu hiyo baba watoto angeweza kutamba barazani. Ila ndizi zake mbili zinatoa miligramu 840, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku kutokana na chakula. Bado safari ni ndefu.

Kitu ambacho mama hakukiulizia ndicho kilichomshtua Shangazi: kopo la chumvi. Chumvi nyingi zinazouzwa kwa wenye presha zimepunguzwa sodiamu na kuongezwa kloridi ya potasiamu, na zaidi ya nusu ya uzito wa kloridi hiyo ni potasiamu tupu. Kama kopo lake ni la kloridi ya potasiamu peke yake, kijiko kimoja cha chai, yaani kama gramu 6, kina potasiamu ya karibu miligramu 3,000. Hizo ni Slow-K tisa au kumi zilizomiminwa kwenye sufuria bila mtu kuzihesabu, kwa sababu hakuna anayeiita chumvi dawa.

Chumvi hiyo si sumu. Huko China, katika vijiji 600, watu wapatao 21,000 walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi iliyochanganywa, robo yake ikiwa kloridi ya potasiamu, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 kwa waliotumia chumvi hiyo. Lakini wenye ugonjwa mkubwa wa figo hawakuingizwa, wala waliokuwa wakimeza vidonge vya potasiamu. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipoitolea mwongozo chumvi ya aina hii, liliwatenga vilevile wenye figo dhaifu, wajawazito na watoto.

Kila kitu kinarudi kwenye figo. Karibu potasiamu yote ya mwili, asilimia 98, imefungiwa ndani ya chembe hai. Inayozunguka kwenye damu ni kidogo sana, nayo inatakiwa ibaki kati ya 3.5 na 5.0 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Ikishuka, misuli inalegea na moyo unaanza kupiga ovyo. Ikipanda sana, moyo unaweza kusimama, na mara nyingine unasimama bila dalili yoyote ya kumtahadharisha mtu. Anayelinda mpaka huo ni figo, ambazo hutoa kwa mkojo takriban asilimia 90 ya potasiamu tunayokula. Mwenye figo nzima akila maharage, parachichi na dafu kwa mlo mmoja, figo zinasafisha na maisha yanaendelea. Aliyechoka figo hana nafasi hiyo.

Sasa mama atazame vitu anavyovimeza. Haidroklorotiazidi inakojoza, na mkojo unaondoka na potasiamu. Losatani inafanya kinyume, inaizuia isitoke. Ndani ya kidonge kimoja cha presha, dawa hizo mbili kwa kiasi fulani zinasawazishana, kwa hiyo jirani hakuwa na msingi wa kukisia kwamba potasiamu imepungua. Huenda imepungua, huenda imezidi. Juu ya hapo kuna diklofenaki, ambayo inapunguza damu inayofika kwenye figo. Dawa ya kukojoza, losatani na dawa ya maumivu ya aina hiyo zikikutana katika mwili mmoja, madaktari wanazijua kama mchanganyiko unaoweza kuziangusha figo ghafla. Na ile "sukari kidogo" aliyoitaja mwishoni ndiyo mojawapo ya sababu kuu za figo kuharibika polepole, bila maumivu.

Jibu la Shangazi, basi, ni hili: kwa sasa asimeze vidonge vya yeyote. Aweke kando Slow-K, chupa ya Muscat na kopo la chumvi, arudie chumvi ya kawaida kwa kiasi kidogo, isiyozidi kijiko kimoja cha chai kisichojaa kwa siku, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na vyakula vya dukani. Diklofenaki aiache pia. Kwa magoti, parasetamo kwa kipimo kilichoandikwa inatosha mpaka aonane na daktari. Dawa ya presha asiiache hata siku moja. Kisha, ndani ya wiki hii, atie kila kitu anachokimeza kwenye mfuko mmoja, na kopo la chumvi likiwemo, apeleke kliniki anakochukulia dawa na aombe kupimwa potasiamu na kreatinini, kipimo kinachoonyesha kazi ya figo. Dada naye asilete chupa nyingine. Kama anataka kusaidia, agharimie vipimo.

Akienda maabara, asikunje na kukunjua ngumi wakati wa kutolewa damu. Kufanya hivyo kunapandisha potasiamu kwenye sampuli, na sampuli ikikaa muda mrefu kabla ya kupimwa, chembe za damu zinavuja na majibu yanatoka makubwa kuliko ukweli. Jibu la ajabu kwa mtu asiye na dalili hurudiwa haraka kabla ya kuaminiwa.

Majibu yakionyesha figo nzima, daktari akiridhia, mezani ndiko pa kuanzia, na Tanga haina upungufu. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama miligramu 700. Nusu parachichi inakaribia 490. Kikombe cha maji ya dafu kina takriban 600, na kikombe cha mchicha uliopikwa kinapita 800. Wali mweupe, kwa kulinganisha, hauna kitu: kikombe kizima hakifiki 60. Ugali wa dona unaushinda wa sembe kwa sababu kukoboa kunaondoa sehemu ya madini pamoja na pumba. Potasiamu pia inakimbilia kwenye maji ya kuchemshia, kwa hiyo anayechemsha mchicha na kumwaga maji anamwaga alichokifuata. Lakini kama figo zimeonekana dhaifu, hesabu inageuka: viazi na mihogo humenywa, hukatwa vipande vidogo, huchemshwa kwa maji mengi na maji yake humwagwa, na dafu linakuwa kinywaji cha kumuuliza daktari kwanza.

Yapo mazingira ambapo vidonge vinahitajika kweli: anayetumia dawa ya kukojoza ya furosemaidi kwa moyo uliovimba, au aliyeharisha na kutapika kwa siku kadhaa, ambaye damu imepimwa na potasiamu iko chini ya 3.5. Hapo daktari anaandika kipimo na tarehe ya kurudi kupimwa. Slow-K humezwa nzima, pamoja na chakula na glasi ya maji iliyojaa, mtu akiwa amekaa au amesimama, wala asilale mara baada ya kumeza. Kuiponda au kuitafuna ni kuiachia chumvi yote mahali pamoja, nayo inachubua koo na utumbo. Wengine wanapoona ganda la kidonge chooni wanadhani dawa haikufanya kazi. Lile ni ganda tupu, dawa imeshatoka. Na kama potasiamu inakataa kupanda licha ya vidonge, daktari hupima magnesiamu, kwani ikipungua hiyo, figo zinaendelea kuvujisha potasiamu.

Kuhusu ile misuli ya usiku, mara nyingi kukaza kwake hakuna uhusiano wowote na potasiamu, hasa kwa watu waliovuka miaka 50. Kuinyoosha misuli ya shavu la mguu dakika chache kabla ya kulala kunawasaidia baadhi ya watu, na ikikaza, avute vidole vya mguu kuelekea kwenye goti mpaka iachie.

Lakini akihisi miguu na mikono inalegea ghafla, moyo unaruka mapigo, pumzi inakata au anataka kuzimia, hata kabla ya siku ya vipimo, asingoje kliniki na asitafute ndizi. Aende hospitali yenye mashine ya kupima umeme wa moyo usiku huohuo, na aseme mlangoni kwamba anatumia losatani na amekuwa akipikia chumvi ya potasiamu.