NANI ALIBUNI MOTOKARI DS?
(Fundisho juu ya sifa ya kazi)



Muhula uliopita, siku ya maonyesho ya kazi za mikono, vijana wanne wa darasa la tano walileta gari la waya. Mmoja alilichora katika daftari. Wa pili alikunja waya. Wa tatu alikata magurudumu katika babushi za zamani. Wa nne alitafuta namna ya kufunga usukani ili magurudumu ya mbele yageuke, maana mara ya kwanza yalikataa kabisa. Wazazi walisifu sana. Lakini kwenye kikaratasi kulikuwa jina moja tu, la yule aliyechora. Tangu siku ile wawili kati yao hawasalimiani. Mmoja alinifuata akaniuliza: «Mwalimu, kama si mimi nilichora, basi sikufanya kitu?»

Sikumjibu upesi. Nilimwambia angoje gazeti letu. Jibu ni hili, lakini nitalipitisha katika motokari ya kweli, ambayo wazee wenu wengi wanaikumbuka: Citroën DS.

1. Motokari yenyewe

DS ilionyeshwa mara ya kwanza Paris, Ufaransa, mwezi wa Oktoba 1955. Watu walishangaa. Pua yake ilikuwa ndefu na laini kama ya samaki, na nyuma ilikuwa nyembamba kuliko mbele. Ukiwasha motere, gari lote linainuka polepole kutoka chini, kama ngamia anayesimama. Siku ile ya kwanza peke yake, watu karibu 12.000 waliandikisha majina yao ili wainunue. Hata herufi D na S, ukizitamka kwa Kifaransa, zinasikika sawa na neno la «mungu mke». Ilikuwa gari la kifahari, la mawaziri na waganga na wenye mali. Ilitengenezwa mpaka mwaka 1975, na jumla yake, pamoja na ndugu yake ID ya bei ndogo, ilikaribia 1.456.000.

Sasa, nani aliibuni?

2. Mchongaji

Vitabu vingi vitakujibu: Flaminio Bertoni. Huyu alikuwa Mwitalia, aliyezaliwa karibu na mji wa Varese mwaka 1903. Hakuwa fundi wa motere. Alikuwa mchongaji wa sanamu, na umbo la gari alilitafuta kwa mikono, kama mtu anayefinyanga udongo. Umbo la DS ni kazi yake, na hakuna mtu wa kumnyang'anya.

Lakini tuulize tena: juu ya nini gari lile ni jembamba nyuma? Hapo tunakutana na mtu wa pili.

3. Injenieri

André Lefèbvre alianza kazi katika kiwanda cha ndege cha Voisin. Alifika Citroën mwaka 1933. Yeye alitaka magurudumu ya mbele yavute gari, na uzito mwingi ukae mbele. Kwa hiyo magurudumu ya mbele yaliachana kwa karibu mita 1,50, lakini ya nyuma karibu mita 1,30 tu. Tena alitaka paa liwe jepesi, ili gari lisiyumbe katika kona. Basi paa la DS halikuwa la chuma.

Munaona? Bertoni alichonga uzuri, lakini alichonga juu ya mifupa ambayo Lefèbvre aliipanga. Hata lile umbo tunalosema ni la mtu mmoja, lina mkono wa mwingine ndani yake.

4. Kijana bila diplome

Wa tatu jina lake ni Paul Magès. Aliingia kiwandani mwaka 1925, akiwa na miaka 17. Hakuwa na diplome ya uinjenieri. Lakini alikuwa mtu wa kuuliza maswali, na kazi yake ndiyo iliyofanya DS isifanane na gari lingine.

Magari mengi yanakaa juu ya resori za chuma. Magès aliweka kwenye kila gurudumu tufe dogo la chuma. Ndani yake kuna ukuta laini wa mpira unaogawanya sehemu mbili: upande wa juu gesi ya azoti, upande wa chini mafuta. Gurudumu likipanda jiwe, mafuta yanasukuma gesi, nayo gesi inajibana, kiisha inarudi, kama mpira wa kuchezea unapoukandamiza kwa mkono. Watu watano wakiingia na mizigo, gari linashuka kidogo, halafu pampu inaongeza mafuta mpaka lirudi kimo chake. Nguvu ileile ya mafuta ilisaidia freni, usukani na kubadilisha gia. Jambo hili lilijaribiwa kwanza mwaka 1954, kwenye magurudumu ya nyuma ya gari lingine la Citroën. Baadaye hata Rolls-Royce, wenye magari ya wafalme, walilipa haki ya kutumia ufundi huu katika Silver Shadow ya mwaka 1965.

Lakini ni nani anayemtaja Magès? Ni wachache, kwa sababu kazi yake iko chini ya gari. Jicho linampa sifa yule ambaye kazi yake inaonekana.

5. Aliyetoa nafasi

Kulikuwa pia mkubwa wao, Pierre-Jules Boulanger. Yeye hakuchora wala hakufunga msumari, lakini aliwaacha watafute miaka mingi, na alimwamini Magès bila kumwuliza karatasi. Alikufa katika ajali ya gari mwaka 1950, hakuiona DS. Wengine waliimalizia. Na mwaka 1967 Robert Opron aliibadilisha sura: aliweka taa nne nyuma ya kioo, na katika aina nyingi zile za ndani zinageuka pamoja na usukani.

6. Sifa na lawama

Tusidanganyane: DS haikuwa bila kosa. Motere yake ilitoka katika gari la mwaka 1934, maana feza za kutengeneza mpya zilikosekana. Mafuta ya kwanza yalivuta unyevu na kuleta kutu katika mabomba, gari likavuja, na mafundi wa garaji hawakujua pa kushika. Mafuta mazuri yalipatikana mwaka 1966. Basi anayetaka sifa yote, abebe na lawama yote!

Tarehe 22 Agosti 1962, huko Petit-Clamart karibu na Paris, watu walifyatulia risasi DS ya Jenerali de Gaulle. Mipira ilitobolewa. Dereva, Francis Marroux, hakusimama. Aliendelea mpaka wakapona. Sifa ya kwanza siku ile ni ya dereva. Lakini alishika gari ambalo halikuanguka, na pale uzuri wa pua haukusaidia kitu. Kazi iliyojificha ndiyo iliyobeba.

7. Jibu kwa yule kijana

Kusema «wote walibuni sawasawa» ni uvivu. Kusema «ni mmoja tu» ni uongo. Ukweli ni kutaja kila mutu na kazi yake: Bertoni umbo, Lefèbvre mpango wa gari, Magès mafuta na matufe, Boulanger nafasi na uvumilivu.

Nawe uliyechora, wewe si mwizi. Kuchora ni kazi. Ila ulipoona jina lako peke yake ukanyamaza, hapo ulikosa. Nasi walimu tulikosa pia, kwa kuwa tulileta kikaratasi chenye nafasi ya jina moja. Nimetengeneza kingine, chenye mistari minne. Kiko mezani kwangu. Njooni wote wanne pamoja, mkijaze kwa mkono wenu, kila mmoja akiandika kazi ya mwenzake, si yake mwenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujizoeza

1. Juu ya nini DS ni nyembamba nyuma?
2. Eleza kazi ya gesi na ya mafuta ndani ya tufe.
3. Kama Boulanger angemtaka Magès alete diplome kwanza, kitu gani kingekosekana?
4. Fikiri kazi moja uliyofanya na wenzako mwaka huu. Andika jina la yule ambaye kazi yake haikuonekana. Kiisha, nenda umwambie.